Je, Bibi Harusi Aliulizwa?

Katika toleo lililopita tuligusia filamu mpya zinazosimulia upya ngano za kale za Ulaya, na barua zilizofuata zimetulazimu kuutenga ukurasa huu wote kwa ajili ya Cinderella na wenzake. Baadhi ya barua tumezifupisha, lakini hoja zake tumeziacha kama zilivyokuja.

Swali: Mhariri, salaam. Binti yangu wa miaka sita anaipenda mno filamu ya katuni ya Cinderella, hata gauni la sikukuu alitaka liwe la buluu kama lile. Wifi yangu ananilaumu kwamba namlea mtoto akae akisubiri mwanamume wa kumwokoa. Je, ni kweli kwamba Cinderella ni msichana goigoi tangu asili yake, na je, niifiche filamu hiyo? — *Mama, Morogoro*

Jibu: Dada yangu, usiifiche. Wifi yako ana hoja ya maana, ila lawama anamtupia msichana badala ya kuwatupia waliomsimulia, kwa sababu Cinderella si mmoja, na wa zamani zaidi katika vitabu vya Ulaya hakuwa msichana wa kukaa kimya.

Huko Napoli, Giambattista Basile, ambaye mkusanyiko wake wa ngano ulichapishwa kati ya 1634 na 1636 akiwa amekwisha kufariki, anamwita Zezolla. Anateswa na mama wa kambo, naye anapeleka malalamiko yake kwa mwalimu wake wa kushona, ambaye anampa shauri la kutisha: amwombe mama huyo amtafutie nguo kuukuu ndani ya kasha kubwa, na atakapoinama, akiachie kifuniko kimwangukie shingoni. Zezolla anafanya vivyo hivyo, kisha anambembeleza baba yake mpaka anamwoa yule mwalimu. Haupiti muda mrefu mwalimu anawatoa binti zake sita aliokuwa amewaficha, na Zezolla anajikuta tena kwenye majivu ya jikoni, safari hii kwa hila ambayo yeye mwenyewe alishiriki. Simsifu kwa kuua, na wala sikushauri umsimulie mtoto wa miaka sita kisa hiki kabla ya kulala. Ninachotaka ukione ni kwamba huyu ni mtu mwenye hasira, mwenye shauku na mwenye makosa yake, wala si sanamu ya upole.

Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliotoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812, hawana mama wa ubatizo mwenye fimbo ya uchawi. Katika masimulizi yao kama yalivyokuja kufahamika, msichana anamwomba baba yake anayekwenda kwenye gulio amletee kijiti cha kwanza kitakachogusa kofia yake njiani. Anakipanda juu ya kaburi la mama yake, anakilowesha kwa machozi mpaka kinakuwa mti, na ni mti huo anaouamuru ujitikise na kumdondoshea nguo za dhahabu na fedha. Anahudhuria karamu siku tatu mfululizo, na kila jioni anamtoroka mwanamfalme: mara ya kwanza anaruka ndani ya banda la njiwa, mara ya pili anapanda mti wa mpeasi, na mara ya tatu mwanamfalme, akiwa amechoka kuachwa, anaamuru ngazi zipakwe lami ili angalau kiatu kinase. Msichana anayehitaji kutegewa kwa lami si msichana anayesubiri mlangoni.

Sura iliyotulizwa, ndiyo hii inayomkera wifi yako, kwa kiasi kikubwa ni ya Charles Perrault, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya mfalme Louis wa 14 na ambaye kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1697. Kwake ndiko tunakokuta boga linalogeuzwa gari, kiatu cha kioo na ukarimu wa kuwasamehe dada wa kambo na kuwaozesha kwa wakuu wa ikulu. Lakini hata kwa Perrault, ukisoma polepole, binti ana mzaha na akili. Mama wa ubatizo anapokwama kwa kukosa mwendesha gari, ni Cinderella anayesema atakwenda kutazama kama kuna panya kwenye mtego wa kugeuzwa mwendeshaji. Kesho yake anawachokoza dada zake kwa kuomba aazimwe gauni la manjano la kila siku ili naye akamwone huyo binti mfalme wa ajabu, huku akijua fika kwamba watakataa, na akifurahi moyoni wanapokataa. Kiatu kinapoletwa nyumbani hangoji kuitwa. Anacheka na kusema aachwe ajaribu kama hakitamtosha.

Nitaje na jambo moja ambalo filamu ya Walt Disney ya mwaka 1950 ililikwepa kwa kumwua baba mapema. Kwa Perrault na kwa akina Grimm baba yu hai, anaishi nyumba hiyo hiyo, naye hamtetei mwanawe. Perrault anasema wazi kwamba binti hakuthubutu kumlalamikia kwa kuwa mkewe alikuwa amemtawala kabisa, na angeishia kukaripiwa yeye. Kama kuna mtu goigoi katika ngano hii, dada, ni huyo.

Basi mwache mtoto aangalie, na kaa naye. Hata filamu hiyo ya 1950, ambayo kazi nyingi imewaachia panya wadogo, imembakizia msichana kitendo kimoja cha ujasiri: mama wa kambo anapomfanya mtumishi wa mfalme ajikwae na kiatu kikavunjika vipande vipande, Cinderella anatoa cha pili alichokuwa nacho. Mwonyeshe hapo.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fasihi mwaka wa pili. Katika semina yetu palizuka ubishi kuhusu Snow White na yule binti aliyelala miaka mia. Wenzangu wanasema kumbusu mtu aliyelala ni kumdhulumu, wengine wakasema tusizihukumu ngano za kale kwa vipimo vya leo. Je, upande upi una haki? — *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Jibu: Kabla ya kuchagua upande, fungueni vitabu, kwa sababu busu mnalobishania si la kale kama mnavyodhani. Katika ngano ya Snow White ya akina Grimm hakuna busu kabisa. Wabebaji wa jeneza la kioo wanajikwaa, mtikisiko unakitoa kipande cha tofaa chenye sumu kilichokwama kooni, na binti anafumbua macho. Katika chapa ya 1812 mambo ni ya ovyo zaidi, maana mtumishi aliyechoka kulibeba jeneza huku na huko anampiga binti mgongoni kwa hasira na kipande kikachomoka. Busu liliingia kwa nguvu katika fikra za watu duniani kupitia filamu ya Disney ya mwaka 1937. Vivyo hivyo kwa binti mfalme na chura: kwa Grimm chura hageuki kuwa mwanamfalme kwa kubusiwa, bali kwa kubamizwa ukutani na binti aliyechoshwa na madai yake.

Kwa binti aliyelala, historia ni nzito zaidi, na hapa wenzako wanaosema "dhuluma" wana ushahidi ambao pengine hawaujui. Kwa Basile, binti anaitwa Talia. Mfalme ambaye tayari ana mke anamkuta amelala, anamwingilia katika usingizi huo, kisha anakwenda zake na kumsahau kwa muda. Talia anajifungua pacha akiwa bado usingizini, na anaamka pale mtoto mmoja anapotafuta ziwa, akalikosa, akanyonya kidole chake na kukitoa kibanzi cha kitani kilichomlaza. Aliyemwamsha, kwa hiyo, ni mwanawe. Perrault aliposimulia kisa hicho aliufuta ubakaji, na hakuweka hata busu: mwanamfalme anapiga magoti kando ya kitanda, muda wa uchawi unakuwa umetimia, na binti anaamka mwenyewe na kumwambia kwamba amemsubirisha sana. Wanazungumza kwa saa nne. Mwanamfalme anaona kwamba gauni la binti ni la mtindo wa bibi yake mzaa mzazi, ila ana adabu ya kutosha asiliseme. Busu la kuamsha linakuja kwa akina Grimm, na hata huko miaka mia ilikuwa imefika ukingoni na miiba ilifunguka yenyewe. Kijana yule alibahatika kufika siku iliyo sahihi, basi.

Hivyo hoja ya "tusizihukumu kwa vipimo vya leo" inaanguka kwa sababu hawa waandishi wenyewe walihukumiana, kila mmoja akisahihisha kilichomkera katika kazi ya aliyemtangulia. Akina Grimm walijisahihisha hata wao wenyewe. Katika chapa ya kwanza Rapunzel, binti aliyefungiwa mnarani na ambaye wanaomfikia hupanda kwa nywele zake, anamuuliza mlezi wake kwa nini nguo zake zimeanza kumbana, na msomaji mzima anaelewa kwamba ana mimba. Katika chapa za baadaye swali hilo liliondolewa, naye akafanywa abwabwaje kwamba mlezi huyo ni mzito kumvuta kuliko mwanamfalme. Angalia kilichotokea: ili kulinda heshima ya kitabu cha watoto, msichana asiyejua mwili wake akageuzwa kuwa msichana mpumbavu. Mama mzazi wa Snow White, aliyekuwa ndiye mwovu mwaka 1812, naye akabadilishwa kuwa mama wa kambo katika chapa ya 1819, kana kwamba akina mama wa kambo hawakuwa na mzigo wa kutosha.

Kwa semina yenu, tafuteni pia mjadala wa wataalamu wawili wa Marekani. Mwaka 1970 Alison Lurie alidai kwamba ngano zimejaa wanawake wenye nguvu, na mwaka 1972 Marcia Lieberman akamjibu kwamba hilo halina msaada ikiwa ngano zinazomfikia mtoto ni zile chache tu ambamo mrembo anangoja na kutuzwa kwa urembo wake. Mimi namuunga mkono Lieberman kuhusu ngano zilizowafikia watoto jana, na Lurie kuhusu zile zilizomo maktabani.

Swali: Mhariri, nafundisha Kiingereza sekondari, na nimefikiria kuwasomesha wanafunzi ngano ya nguva mdogo. Mwalimu mwenzangu ananiambia niiache, kwa kuwa ni habari ya msichana anayetoa sauti yake ili ampate mwanamume. — *Mwalimu, Mombasa*

Jibu: Mwalimu, mwenzako anaisema filamu ya Disney ya 1989, ambayo inaishia kwa harusi. Hans Christian Andersen, aliyeiandika ngano hiyo mwaka 1837, hakumpa nguva harusi. Ili apate miguu ya binadamu, analipa kwa ulimi wake uliokatwa na kwa miguu inayouma kila hatua kama anayekanyaga visu, na mwanamfalme anamwoa mwingine bila kujua ni nani aliyemwokoa baharini. Tena tangu mwanzo hamtaki mwanamume peke yake. Anataka roho isiyokufa, ambayo nguva hawana. Dada zake wanauza nywele zao ili wampatie kisu cha kumwua mwanamfalme na kuyaokoa maisha yake yeye nguva, naye anakitupa baharini. Uamuzi huo ni wake, hausukumwi na mtu. Wafundishe, na waulize wanafunzi kwa nini Andersen alimnyima sauti kisha akampa uamuzi mkubwa kuliko wote. Mimi binafsi siipendi tamati yake, yenye mafundisho kwa watoto kuhusu tabia njema, na usione haya kuwaambia wanafunzi kwamba hata mwandishi mkubwa huharibu kurasa zake za mwisho.

Swali: Mhariri, nimesoma sifa mnazozimwagia hizi filamu za kisasa ambazo binti mfalme anashika upanga na hataki mume. Mimi ni baba wa mabinti watatu. Je, hamuoni kwamba tunawafundisha watoto wa kike kuichukia ndoa? — *Mzazi, Arusha*

Jibu: Mzee wangu, wasiwasi wako nauheshimu, na kwa sehemu nakubaliana nawe: upanga peke yake haumfanyi msichana kuwa shujaa. Mwaka 2012 ilitoka filamu moja ya Snow White ambayo binti huyo amevaa deraya na kuongoza jeshi, lakini kabla ya hapo anakufa kwa tofaa na kuamshwa kwa busu la mwanamume kama kawaida. Walimbadilishia nguo, wakamwachia kisa kile kile.

Nisingependa tuigeuze harusi kuwa adui. Swali la kuuliza kila ngano ni kama bibi harusi aliulizwa, na kama angekataa angesikilizwa. Ulizo hilo si la wanaharakati wa leo. Lilikuwapo Ufaransa wakati binti za watu wenye mali waliozwa kwa mapatano ya wazazi na mali, na walioliandika kwa ukali zaidi walikuwa wanawake. Marie-Catherine d'Aulnoy, ambaye mwenyewe aliozwa akiwa kijana mno kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa miaka mingi, alitoa ngano zake mwaka ule ule wa 1697 aliotoa Perrault. Cinderella wake anaitwa Finette. Huyu anamsukumia zimwi ndani ya tanuri, anamkata mkewe kichwa kwa shoka, na siku kiatu kinapomtosha na ikulu yote inamshangilia, anakataa kuolewa mpaka ufalme walionyang'anywa wazazi wake urudishwe. Unarudishwa, ndipo anaolewa. Je, mzee wangu, binti huyo anaichukia ndoa?

Tazama pia habari ya Belle na Mnyama. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliiandika kwa urefu mwaka 1740, na mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, Mfaransa aliyekuwa akiwafundisha mabinti wa wakubwa mjini London, akaifupisha ikawa ile tunayoijua. Kiini chake ni mazungumzo ya mezani. Kila usiku baada ya chakula Mnyama anauliza. Kwa Villeneuve anauliza kama Belle atakubali alale naye, kwa Beaumont kama atakubali kuwa mke wake. Kila usiku Belle anajibu hapana, na kila usiku Mnyama, mwenye nguvu za kumrarua, anaipokea hapana hiyo, anaaga na kuondoka. Kwa Beaumont hali hiyo inadumu miezi mitatu. Wasomi wengi wameiona hapa sura ya msichana aliyekabidhiwa kwa mume asiyemjua, na nadhani wamesoma vizuri. Siyasafishi yote, kwa maana Belle yuko pale kama fidia ya waridi lililochumwa na baba yake, na "hapana" ya mateka ina mipaka. Hata hivyo Mnyama anamruhusu aende kwa baba yake kwa juma moja, na anaporudi, akiwa amechelewa kwa hila ya dada zake waliojing'oa nywele na kujifanya wana huzuni ya kuagana naye, anarudi kwa miguu yake na kwa hoja zake: amekaa na kupima, akaona kwamba wema wa mume una uzito kuliko sura na ufasaha.

Ukitaka filamu ya kuangalia na mabinti zako jioni ya wikiendi, itafute *Tři oříšky pro Popelku* (Njugu Tatu za Cinderella) ya mwaka 1973, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Chekoslovakia na Ujerumani Mashariki, ambayo mpaka leo huonyeshwa kila Krismasi katika televisheni za Ucheki, Ujerumani na Norwe. Cinderella wa humo anapanda farasi na kulenga shabaha kuliko mwanamfalme. Kwenye dansi mwanamfalme anatangaza kwamba amekwisha kumchagua mchumba, naye anamkumbusha kwamba amesahau kumuuliza bibi harusi kama anamtaka, kisha anampa kitendawili na kuondoka. Mwishoni wanaoana, na hakuna atakayeona kwamba ndoa imedharauliwa.

Swali: Mbona ni Ulaya tu? Pwani yetu haina binti wa namna hiyo? — *Msomaji, Tanga*

Jibu: Anaye, na amechapishwa. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alitoa mjini London ngano alizozikusanya kwa Kiswahili huko Unguja, na mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Maskini aitwaye Hamdani ananunua paa kwa thumuni aliyoiokota jaani, na paa huyo kwa werevu wake anamwoza binti wa sultani, anaua joka lenye vichwa saba na kumpatia nyumba ya fahari. Ni ndugu wa ile ngano ya Ulaya ya paka mwenye viatu. Tofauti ni kwamba huku kwetu kuna mke mwenye maoni. Paa anapougua, Hamdani anaagiza apewe uji wa mtama tu, na mkewe anakataa kuufuata ukatili huo. Anamlea paa kwa siri kwa wali na maziwa, na anapokufa anampelekea habari baba yake, ambaye anafunga safari na watu wake kuja kumzika paa kwa heshima. Kisha mke anaota yuko kwao, akaamka yuko kwao kweli, na Hamdani akaamka jaani akichakura kama zamani. Sijui ngano nyingi za Ulaya ambamo tuzo ya mwanamke mwema ni kuondolewa kwa mume asiye na shukrani.

Swali: Nina mtoto wa darasa la kwanza na mwingine wa kidato cha pili. Nianze na kitabu gani? — *Mama, Nairobi*

Jibu: Kwa mdogo, anza na Perrault, na utakapofika kwa binti aliyelala, ishia kwenye harusi, kwa kuwa baada ya hapo anatokea mama mkwe anayetaka kuwala wajukuu zake. Akina Grimm unaweza kuwasoma naye ukiwa umepitia ukurasa kabla, maana dada wa kambo wanakata vidole na visigino ili kiatu kiingie, na njiwa wanawadonoa macho. Beaumont anamfaa wa kidato cha pili kuanzia leo, na Paa wa Unguja anawafaa wote wawili. Basile asubiri mpaka amalize sekondari.